Tusiulize tu kama barabara ilifungwa

Kwa Mhariri,

Kila maandamano yanapofunga barabara kuu, barua zinazochapishwa katika ukurasa huu hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaoshikilia kwamba barabara ni mali ya umma, kwa hiyo umma una haki ya kuifunga unapokuwa na dai, na wapo wanaosema kwamba aliyefunga barabara ni mhalifu na anastahili kushughulikiwa kama mhalifu. Naomba nafasi niseme kwamba sheria haikubaliani na kundi lolote kati ya hayo. Mahakama zilizolipima jambo hili kwa utulivu hazikuishia kuuliza kama barabara ilifungwa. Zimeuliza ilifungwa kwa muda gani, baada ya taarifa gani, na waliokwamishwa wanahusika vipi na dai lenyewe.

Nianze na nililoliona kwa macho yangu. Niliwahi kukaa zaidi ya saa nne kwenye foleni ya namna hiyo, na mbele ya basi letu palikuwa na lori dogo lililobeba maboksi ya vifaranga wa siku moja. Mwanzoni sauti zao tulizisikia hadi ndani ya basi. Dereva aliteremka, akafunua turubai, akaanza kuwapepea kwa kipande cha boksi, kisha akawa anashusha maboksi machache machache na kuyaweka kwenye kivuli chini ya lori. Kadiri jua lilivyopanda, ndivyo zile sauti zilivyopungua. Mara mbili alikwenda kuwasihi vijana waliokuwa mbele, na mara zote mbili alijibiwa kwa upole kwamba wanamwelewa, ila uamuzi si wao. Gari la wagonjwa lilipofika, vijana haohao walishusha kamba na kuvuta matairi kando kwa muda usiofika dakika moja. Kumbe kupitisha gari kuliwezekana. Dai lao nililiunga mkono siku ile na ninaliunga mkono hadi leo, lakini yule dereva hakuwa na uwezo wowote wa kuwapa walichokidai, na hasara ilikuwa yake.

Sasa sheria inasemaje? Ibara ya 21 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa inalinda haki ya kukusanyika kwa amani, na inaruhusu mipaka ile tu iliyowekwa kwa mujibu wa sheria na ambayo ni ya lazima katika jamii ya kidemokrasia, ikiwemo kulinda haki za watu wengine. Ibara ya 11 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu inafuata mkondo huohuo. Mwaka 2020, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilifafanua, katika Maoni ya Jumla namba 37, kwamba kuvuruga mwendo wa magari peke yake si vurugu. Kamati ilieleza pia kwamba maandamano ya amani yanayosababisha usumbufu mkubwa, kama vile kufunga barabara kwa muda mrefu, kwa kawaida yanaweza kutawanywa pale tu usumbufu huo unapokuwa mzito na wa kuendelea. Anayedai kwamba askari wana haki ya kupiga virungu mara gari la kwanza linaposimama hana msingi katika maneno hayo.

Tofauti inaonekana vizuri zaidi katika kesi mbili za Ulaya. Mwezi Juni 1998, wanamazingira wa Austria waliifunga barabara kuu ya Brenner, njia muhimu ya malori kati ya Austria na Italia, kwa karibu saa 30. Walikuwa wametoa taarifa takriban mwezi mmoja kabla, madereva walitangaziwa mapema, njia mbadala zilipangwa, na kilichopingwa kilikuwa uchafuzi unaoletwa na magari yaleyale yanayopita pale. Kampuni ya usafirishaji ilishtaki, lakini mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema kwamba Austria haikukosea kuyaruhusu maandamano hayo. Mwezi Mei mwaka huohuo wa 2003, wakulima wa Lithuania waliokuwa wakilalamikia hali ya kilimo, ikiwemo bei ya maziwa, walikuwa na kibali cha kukusanyika katika maeneo maalumu. Waliyaacha maeneo hayo na kufunga barabara kuu kwa takriban siku mbili. Mwaka 2015 jopo kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya liliamua kwa kauli moja kwamba adhabu waliyopewa, kifungo cha siku 60 kilichosimamishwa, haikuvunja haki yao. Hata wao hawakuambiwa kwamba hawana haki ya kuandamana. Kosa lilikuwa kuwakwamisha kwa makusudi watu wasiohusika na dai, ilhali walikuwa na mahali pengine pa kusemea.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayonigusa zaidi, kwa sababu mara nyingi mahali pengine hapapo. Taarifa kwa polisi ilikusudiwa kuwapa nafasi ya kupanga usalama na kuelekeza magari, na Kamati niliyoitaja inasema wazi kwamba isigeuzwe kuwa ombi la ruhusa. Penye mazoea ya kukataa kila taarifa kwa sababu za kiusalama zisizoelezwa, mamlaka huwa zimewasukuma watu barabarani kwa mikono yao wenyewe, kisha zinawashangaa. Mwezi Machi 1965, huko Alabama, Marekani, siku kumi baada ya askari kuwapiga waandamanaji waliodai haki ya kupiga kura, Jaji Frank Johnson aliwaruhusu watembee kwenye barabara kuu kutoka Selma hadi Montgomery. Alisema haki ya kuandamana barabarani inapaswa kulingana na ukubwa wa dhuluma inayopingwa. Kipimo hicho hunipa shaka, maana kila mwenye dai huona dhuluma yake ndiyo kubwa kuliko zote. Lakini jaji huyo aliamuru pia kwamba sehemu ambazo barabara ina njia mbili tu, waandamanaji wasizidi 300. Haki ilipewa nafasi, na magari yakaachiwa nafasi.

Kwa hiyo nina ombi moja kwako, Mhariri. Waandishi wako wanaporipoti barabara iliyofungwa, wasiishie kwenye urefu wa foleni na moshi wa matairi. Watueleze kama taarifa ilitolewa na ilijibiwa nini, kama kuna upande ulioachwa wazi, na ni saa ngapi zilipita kabla ya amri ya kutawanyika kutolewa. Wamtafute pia dereva wa gari la mwisho kwenye foleni, wamuulize alikuwa amebeba nini.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi