Risala ya wahitimu wa mafunzo ya tiba ya wanyamapori walionaswa kwenye mitego ya waya, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wakufunzi wetu,
Waheshimiwa wenyeviti wa vijiji vinavyopakana na hifadhi,
Ndugu waongoza watalii na madereva,
Wazazi, walezi na wageni waalikwa,
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha hapa Mugumu. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kukubali mwaliko wetu.

Risala huanza na historia ya mafunzo na kuishia kwenye orodha ya mahitaji. Kwa ruhusa yako historia tutairuka. Mahitaji tunayo, ila hayataeleweka bila kueleza kwanza kazi inavyokwenda, maana wengi wameiona kwenye picha moja tu: daktari kapiga magoti ubavuni mwa tembo, waya uko mkononi, watu wanatabasamu. Kuukata ule waya ni kazi ya dakika moja. Kinachoamua mnyama apone au afe ni saa zilizotangulia, na zile dakika chache baada ya kulala.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtego wenyewe hauna ufundi mkubwa. Ni waya wa breki ya baiskeli, waya wa winchi, waya wa uzio, au nyuzi za chuma zinazobaki tairi likichomwa, zikasokotwa pamoja. Kitanzi hufungwa kwenye mti na kuning'inizwa kwenye njia ya wanyama waendao majini. Upande huu wa magharibi ya Serengeti mitego huongezeka makundi ya nyumbu na pundamilia yanapopita Grumeti, kati ya Mei na Julai. Mtegaji anatafuta kitoweo na cha kuuza, lakini simba, fisi, twiga na tembo nao huingia humo humo.

Mnyama mdogo hufia pale pale. Mwenye nguvu huukata waya ulipofungwa na kuondoka na kitanzi mwilini, na huyo ndiye mgonjwa wetu. Kadiri anavyotembea kitanzi kinazidi kukaza, kwa kuwa kimesukwa kisirudi nyuma. Kikiwa shingoni, damu inaendelea kupanda kichwani kwa mishipa ya ndani lakini inashindwa kurudi, hivyo uso huvimba. Fisi mwenye uso mnene kupita kiasi, ukimtazama kwa darubini, mara nyingi utaona chini ya taya mstari mwembamba usio na manyoya, na nzi wametanda juu yake. Mguuni ni kinyume chake: kinachovimba ni sehemu ya chini ya waya. Siku zikipita ngozi huumeza waya, usaha hujaa, kisha mfupa nao huoza.

Kwa hiyo taarifa ya mapema ni nusu ya tiba. Dereva akipiga simu na kusema "kuna tembo anachechemea karibu na mto", tunamshukuru, ila hatujui twende wapi. Tunachohitaji ni alama za mahali kutoka kwenye simu yake, aina ya mnyama na jinsia, yuko peke yake au na kundi, waya uko kiungo gani, kidonda kibichi au cha zamani, na anaelekea upande gani. Zaidi ya yote, gari moja libaki naye kwa mbali mpaka kikosi kifike. Likilazimika kuondoka, lipokewe na lingine. Mnyama akishapotea vichakani, siku nzima huishia kwenye kumtafuta. Na siku yenyewe ni fupi: wakati mzuri wa kumrushia mnyama sindano ya usingizi ni asubuhi kabla ya saa nne. Mchana joto linaua, na jioni sana giza litaingia mnyama akiwa bado na dawa mwilini, simba wakiwa wameamka.

Kumfukuza kwa gari nako kuna hatari yake. Mnyama aliyekimbizwa muda mrefu hujaza asidi kwenye misuli, joto lake hupanda, misuli huanza kufa na sumu yake huziba figo. Anaweza kuamka vizuri, akaondoka mbele ya kamera, kisha akafa siku kadhaa baadaye, mkojo ukiwa na rangi ya kahawia iliyokolea. Watu husema dawa ndiyo iliyomuua. Hapana, ni mbio. Ndiyo sababu mnyama asiposogelewa ndani ya dakika chache, afadhali aachwe atulie na kazi ihamishiwe kesho yake.

Sasa tuje kwenye dawa. Kwa tembo, nyati, pundamilia na twiga hutumika etorfini, ambayo maaskari wengi huiita M99. Ina nguvu zaidi ya mara 1,000 kuliko mofini, ile dawa kali ya maumivu. Tembo dume mkubwa hupewa miligramu 15 hadi 18, na jike mzima 10 hadi 15. Kwa ujazo, ni kama theluthi ya kijiko cha chai kwa mnyama wa tani 5. Anayeanza kazi hii hudhani kipimo kidogo ndicho salama. Ni kinyume. Tembo aliyepewa pungufu halali. Hutembea kilomita kadhaa akiwa amelewa, huingia mtoni au korongoni, na joto linapanda kila hatua. Kuzidisha kidogo kunarekebishika, kwa kuwa dawa ya kumzindua ipo: diprenofini, mara mbili hadi tatu ya miligramu za etorfini alizopewa, au naltreksoni, mara 10 hadi 20. Hiyo huvutwa kwenye bomba na kuandikwa jina kabla sindano ya kwanza haijarushwa. Kikosi kisicho na dawa ya kuzindua mkononi hakina ruhusa ya kufungua chupa ya etorfini.

Chupa hiyo hatari yake kwa binadamu ni kubwa kuliko ya simba. Tone likiingia jichoni, mdomoni au kwenye mchubuko laweza kumsimamisha mtu pumzi. Hufunguliwa na watu wawili, wamevaa glavu na miwani, maji ya kunawa yako karibu. Hewa haisukumwi ndani ya chupa, maana presha hiyo hurudisha dawa usoni wakati wa kuchomoa sindano. Naloksoni, yaani dawa ya kumzindua binadamu, huwekwa nje ya mkoba, si chini ya maboksi. Na sindano iliyokosa shabaha hutafutwa mpaka ipatikane. Mtoto anayechunga mbuzi akiiokota, hakuna atakayejua kilichomuua.

Tembo akishaanguka, jambo la kwanza kutazamwa si kidonda. Ni kalala vipi. Akilalia kifua, uzito wa tumbo unasukuma mapafu naye anashindwa kuvuta pumzi. Ndani ya dakika chache lazima avutwe kwa kamba nene na gari mpaka alale ubavu. Mkonga hunyooshwa, na ncha yake huzuiwa kwa kijiti kifupi isijizibe, kwa sababu akiwa amelala anapumulia mkonga. Sikio hukunjwa kufunika jicho, na lile jingine humwagiwa maji, maana masikio ndiyo yanayompoza. Mtu mmoja kazi yake ni kuhesabu pumzi tu, na kila dakika tano husoma joto kwa kipima joto cha njia ya haja kubwa. Pumzi zikishuka chini ya nne kwa dakika, au joto likikaribia nyuzi 39, anapaza sauti na wote wanamsikiliza, hata daktari mkuu. Joto likifika 40 mnyama anazinduliwa, kidonda kimekwisha kuoshwa au bado.

Nyati na nyumbu ni tofauti kabisa. Hao wanacheua, kwa hiyo wakilala ubavu tumbo hujaa gesi na majani hupanda kooni. Hukalishwa kwa kifua, shingo juu, mdomo ukielekea chini. Anayelichanganya hili na la tembo ataua mnyama mzima wa afya kwa waya ambao usingemuua.

Twiga tunamwogopa kuliko wote, na hatuoni aibu kusema. Moyo wake unasukuma damu kwa presha kubwa kwenda kichwani, na etorfini inavuruga mpango huo wote. Anaweza kuanguka vibaya akavunja shingo. Akishaguswa na dawa, kamba hupitishwa kifuani na miguuni ili kumwangusha kwa utaratibu, na akifika chini tu huchomwa dawa ya kumzindua, hata kabla waya haujaguswa. Kinachomzuia asisimame ni watu waliobana kichwa na shingo chini, macho yamefunikwa na masikio yamezibwa. Waya unakatwa akiwa macho.

Simba hapewi etorfini. Hupewa ketamini pamoja na medetomidini, na macho hubaki wazi, kwa hiyo hupakwa mafuta ya macho na kufunikwa kitambaa. Dawa ya kumwamsha haiharakishwi: hutolewa baada ya dakika 45 au zaidi, ketamini ikiwa imepungua, la sivyo huamka na degedege. Gari hubaki naye mpaka atembee bila kuyumba, kwa ajili ya fisi na hata simba wenzake.

Kidonda, Mheshimiwa, kina utaratibu wake. Waya hukatwa kwa mkasi wa chuma pale penye nyama nzima zaidi, haukokotwi kuzunguka mguu. Waya wa kusokotwa hufumuka na nyuzi zake hubaki ndani ya nyama. Uzi mmoja ukisahaulika, kidonda hakitapona kamwe. Vipande hupangwa juu ya kitambaa mpaka kitanzi kitimie. Kwenye mguu uliobanwa muda mrefu, pamba na kibano cha mishipa viwe tayari, kwani waya ukiachia damu inaweza kuruka. Kisha kidonda huoshwa kwa maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita ya maji yaliyochemshwa, na kwa tembo ndoo ya lita 20 si nyingi. Nyama iliyokufa huondolewa mpaka damu safi ionekane. Hufuata ayodini iliyochanganywa na maji hadi ifanane na chai ya rangi iliyopauka. Ikiwa kali inaunguza nyama changa. Kidonda hakishonwi, maana usaha unahitaji pa kutokea na hakuna atakayerudi kutoa nyuzi. Nchini Kenya, vikosi vya shirika la Sheldrick na vya idara ya wanyamapori ya nchi hiyo (KWS) hupaka juu yake udongo wa kijani, nao huzuia uchafu na nzi vizuri.

Mnyama huyu hatatibiwa tena kesho, kwa hiyo antibayotiki ni ile inayokaa mwilini siku kadhaa, mfano oksitetrasaiklini ya muda mrefu. Kwa mnyama mkubwa hugawanywa sehemu kadhaa, ikirundikwa mahali pamoja huleta jipu. Tundu la sindano ya kurusha nalo hutiwa dawa. Ya maumivu ni meloksikamu. Diklofenaki haitumiki kabisa: ndiyo iliyomaliza tai wa India na Pakistan kwa kuua figo zao walipokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo, mpaka nchi hizo zikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Kwa sababu hiyo hiyo, mnyama aliyefia mikononi mwetu akiwa na dawa mwilini huchomwa moto au kuzikwa. Nyama yake hailiwi, na tunawaomba wenyeviti walisisitize hilo vijijini.

Wako wanaouliza kwa nini hatumtibu nyati aliyejeruhiwa na simba. Porini hatuingilii yasiyo ya binadamu. Waya umewekwa na mtu, ndiyo maana tunakwenda. Wanaopewa upendeleo ni wachache waliobaki kidogo, kama faru weusi na mbwa mwitu, na kule Rwanda, Uganda na Kongo, gorila wa milimani, ambao wana madaktari wao tangu 1986 na mara nyingi hunaswa vidole na mitego ya swala. Aidha, si kila aliye na waya hutibiwa. Pundamilia aliyekatika kano za nyuma ya mguu hawezi kusimama tena kukimbia, naye hupigwa risasi kichwani. Risasi haiachi dawa ya kulaza kwenye mzoga. Uamuzi huo ni wa daktari, na tunaomba usijadiliwe mbele ya watalii wenye simu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya hayo, maombi yetu ni haya.

La kwanza ni naloksoni katika hospitali ya wilaya na zahanati zilizo jirani na mipaka ya hifadhi, pamoja na mafunzo ya nusu siku kwa wauguzi, wajue kwamba aliyeguswa na etorfini hupumuliwa kwanza na hudungwa zaidi ya mara moja. Hivi sasa chupa pekee ni zile zilizo kwenye mikoba yetu.

La pili ni vibali vya kuingiza dawa. Udhibiti mkali tunauunga mkono, kwa kuwa tunajua kilichomo ndani ya chupa. Lakini kibali kinapochelewa, dawa hufika ikiwa na miezi michache kabla ya kuisha muda, na dawa ya kulaza na ya kuzindua zikifika kwa nyakati tofauti hazina kazi. Tunaomba ziombewe na kusafirishwa pamoja.

La tatu ni namba moja ya simu, isiyolipiwa, inayopokelewa alfajiri mpaka jioni, ibandikwe kwenye kila lango na kila gari la watalii.

La nne ni doria ya kutoa mitego. Kazi iliyoanzishwa hapa Serengeti mwaka 2017 na Shirika la Zuolojia la Frankfurt pamoja na Hifadhi za Taifa (TANAPA) na makampuni ya utalii imeonyesha kwamba kundi la watu wanaotembea kwa miguu, wanaojua vichaka, hutoa waya nyingi kuliko gari lolote. Tunaomba vijana wa vijiji hivi waongezwe, hasa kuanzia Aprili, kabla nyumbu hawajafika. Na halmashauri itazame upya tairi chakavu zinazochomwa nyuma ya gereji, kwani moshi wake tunauona kila mwaka msimu ukikaribia.

Tunawashukuru wakufunzi wetu kwa uvumilivu, na wapishi wa kambi kwa chai ya saa kumi alfajiri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.