Mwanangu, kamba sikutumii

Pangani, Jumapili baada ya adhuhuri

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Mama yako hajambo, mdogo wako hajambo, mbuzi amezaa pacha na mmoja amekufa. Mengine ya nyumbani nitayasema huko mbele nikiyakumbuka.

Video nimeiona. Nimeitazama mara 11, mama yako ndiye aliyehesabu. Mara ya kwanza niliondoka nayo mpaka barazani nikawaonyesha wazee: tazameni, Land Cruiser la wageni limezama mpaka difu, lile bonge la gia chini ya gari, na aliyeshika usukani ni binti yangu. Mmoja akaanza maneno yake kwamba mwanamke na gari la mchangani wapi na wapi. Nikamwambia yeye hata baiskeli ya kukwama hajawahi kuwa nayo. Walicheka sana, nami nikatembea kwa maringo mpaka nyumbani. Mara ya pili nikaitazama peke yangu. Kuanzia ya tatu gari sikuliona tena, nikawa naiangalia kamba ya kulivutia.

Upande wa kushoto wamesimama watoto wanne. Yule mwenye jezi nyekundu ameiruka kamba ikiwa imekazwa. Ameiruka, mwanangu, kama yuko uwanjani shuleni. Na wewe sauti yako inasikika, unacheka.

Nilikupigia ukaniambia "sawa baba, nimekusikia." Hiyo "nimekusikia" naijua, ndiyo niliyokuwa nikimpa babu yako. Kwa hiyo naandika, na barua hii atakuletea kijana wa samaki anayevuka na pantoni kesho asubuhi kwenda Mkwaja. Usiisome huku umewasha gari.

Nianze na mchanga, maana mtu haendi kuitafuta kamba mpaka mchanga umemshinda, na wewe ulishindwa mapema mno. Ulipiga resi mara tatu. Nimehesabu. Ya kwanza gari lilishuka kidogo, ya pili likaingia mpaka nusu ya tairi, ya tatu likalalia tumbo. Gari likishalalia tumbo uzito wote unabebwa na chesisi, tairi zinabaki zikipepea tu, hata uwe na injini ya meli hutoki. Tairi likizunguka mara moja na gari halisogei, ondoa mguu. Jaribu kurudi nyuma taratibu kwenye njia yako mwenyewe, usukani umenyooka, maana pale mchanga umeshakandamizwa. Ikikataa, zima. Shusha wageni, shusha mizigo, shusha na mabegi yao yale makubwa ambayo sijui huwa wanabeba nini.

Halafu upepo. Tairi zako kwenye video zimejaa kama za basi la Dar es Salaam. Geji niliyokupa iko wapi? Mchangani shusha mpaka psi 18, ikigoma shusha mpaka 15. Tairi likilegea linajilaza, linakuwa refu pale linapogusa chini, linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Mara nyingi hilo peke yake linatosha, gari linatoka bila mtu kusukuma. Likiwa hivyo usikate kona kwa nguvu, litachomoka kwenye ringi. Na ukifika barabarani jaza kwanza ndipo ukimbie, tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linapata moto na kupasuka.

Nakubali, haya ya upepo sikukufundisha. Nilikufundisha kukanyaga. Wakati ule tulikuwa tunaona kushusha upepo ni woga, dereva wa kweli anatoka kwa mguu wake. Upuuzi mtupu.

Chepe nililiona, hongera. Lakini ulichimba nyuma ya tairi na unataka kwenda mbele! Chimba mbele ya kila tairi, mteremko mrefu, usichimbe shimo. Kisha ingia na mkono chini ya difu, ondoa mchanga mpaka uone mwanga upande wa pili. Weka mbao mbili, au makuti yaliyokunjwa, au magunia, yaingie chini ya tairi kabisa, yasiishie kulibusu. Jeki usiisimamishe juu ya mchanga, itazama yenyewe kabla hata gari halijanyanyuka; iwekee ubao. Nakuletea ubao wa mvule, ni ule mlango wa banda la kuku. Kuku wamepata bati.

Na saa ngapi ile? Nimetazama vivuli, vimejikunyata miguuni mwa watu, kwa hiyo ilikuwa saa saba au inaikaribia. Na tarehe uliyotuma, mwezi mwandamo ulikuwa 16. Mtoto wa Pangani wewe, unapeleka wageni kwenye mlango wa kijito saa saba mchana siku ya bamvua, maji makubwa? Bamvua yetu maji hukauka saa nne na kufika juu kwenye saa kumi. Saa ya kwanza ya kujaa yanatambaa unaona kama yamelala. Saa ya tatu na ya nne ndiyo yanakimbia, katika hizo mbili pekee hupanda nusu ya safari yake yote, na bamvua huku kwetu hupanda zaidi ya mita 3. Mstari wa mwani kwenye video uko juu ya gari lako, juu kabisa, karibu na mikoko. Bahari ilikuwa imeshakuandikia pale itakapofika.

Pita ufukweni maji yakiwa yanakupwa, kwenye mchanga mbichi ulio mgumu, si ule mkavu wa juu unaoteleza vidoleni kama unga. Huko juu kuna jambo jingine: kasa. Kasa wa ufukwe wa Madete wanafukia mayai juu ya mstari wa mwani, yanakaa chini karibu miezi miwili, na tairi halijui kubisha hodi. Nyinyi ndio mnaowapeleka wageni kuwaona, itakuwa aibu. Kwenye milango ya vijito teremka utembee kwa miguu kwanza. Mguu wako ukizama, gari litazama. Usione haya kutembea mbele ya wageni.

Sasa kamba.

Umeniambia winchi ya gari lenu ni mbovu na tajiri hajanunua kamba ya maana, kwa hiyo unataka ile yangu ya stoo. Nimelifikiria hilo siku tatu.

Kamba ikikazwa inakuwa upinde. Ikiachia, kile kilichofungwa mwishoni ndio mshale. Shekili, kile chuma cha kuungia kamba, ikiruka inapita kwenye kioo kama kioo hakipo, na kifuani kwa mtu ni hivyo hivyo. Kwa hiyo watu wakae mbali. Kama kamba ina hatua 20, wao wakae hatua 30, na wasimame pembeni, si nyuma wala mbele ya mstari wake. Katikati ya kamba tundika gunia lenye mchanga au koti zito, ikikatika ianguke chini isiruke. Anayevuta asivute kwa kushtua. Asiruke mtu. Asikae mtu juu ya boneti kuongeza uzito. Watoto wote waondoke, hata wakilia, hata kama ni wa mwenyekiti wa kijiji. Wewe ndiye dereva, usiwashe mpaka umewahesabu.

Na usifunge popote ila kwenye ndoano iliyoshikana na chesisi. Si kwenye bampa. Si kwenye ile goroli ya chuma ya kukokotea trela.

Mguu wa ami yako unaujua, umekua ukiuona. Unajua pia inavyosimuliwa, kwamba kule Kipumbwi kamba ilikatika. Sijawahi kumsahihisha mtu. Kamba haikukatika, mwanangu. Kamba ni nzima mpaka leo, ndiyo hiyo unayoitaka. Kilichoruka ni goroli. Aliyefunga pale alikuwa na haraka, maji yameshafika kwenye habu, katikati ya tairi, gari si lake, na tajiri amesimama nyuma yake anatazama saa. Ndoano ya chesisi ilikuwa chini ya maji na mchanga, ingehitaji kulala kifudifudi na kuipapasa, labda dakika kumi. Aliona dakika kumi ni nyingi. Ami yako ndiye aliyekuwa utingo siku ile, kwa hiyo dereva alikuwa nani, hesabu mwenyewe.

Gari lile lilitoka, bora lisingetoka. Lilifanya kazi miaka mingine sita.

Ndiyo maana nakwambia, maji yakifika kwenye habu na watu bado wamezunguka kamba, liache. Wageni wapande juu kwenye mikoko, wewe uwe wa mwisho kupanda, na gari libaki. Tajiri akikufukuza, njoo nyumbani, mihogo ipo. Usibaki hapo ukasema nijaribu mara moja tu. Hiyo mara moja ndiyo yenyewe.

Na likitoka salama, siku hiyo hiyo lioshe kwa maji baridi, chini kote, breki, springi, usiache chumvi ilale nalo. Chungulia oili ya difu, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameingia, imwage.

Mama yako anasema dawa za presha zimebaki za wiki mbili, na zile za safari iliyopita zilikuwa za rangi tofauti, uulize vizuri duka la dawa. Fedha za bati zimefika, bati tumenunua, misumari bado, mvua za vuli zikiwahi tutahamia upande wa jikoni. Mdogo wako anataka kujifunza gari. Nimemwambia asubiri likizo yako umfundishe wewe.

Kijana wa samaki atakukabidhi ubao, mbao nyingine mbili fupi, geji mpya (najua ile umeipoteza, usinidanganye), na magunia manne. Kamba haimo. Niliikata jana vipande vitatu. Kimoja mama yako anaanikia nguo, kimoja kamfungia mbuzi, cha tatu ami yako alikuja akakiomba, sikumuuliza cha nini.

Nijibu kwa barua, usipige, ukipiga mama yako huninyang'anya simu. Na umwambie huyo kijana fedha ya pantoni nimeshampa, asije akakudai tena.

Baba yako