Nakaribia miaka 40: akiba yangu ya uzeeni niipeleke pensheni au ISA?

Shangazi, shikamoo, na assalaam alaikum.

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, mama wa mtoto mmoja wa kiume wa miaka 11. Nilifika Uingereza mwaka 2009 na sasa tunaishi Leicester, ambako nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Mshahara wangu ni kama paundi 24,000 kwa mwaka. Nina paundi 150 za kila mwezi ambazo sijui nizipeleke kwenye pensheni au kwenye ISA, akaunti maalumu ya akiba ya hapa Uingereza, na mwezi wa sita nafikisha miaka 40. Siku hiyo kuna mlango mmoja utanifungikia.

Kwanza nikueleze kosa langu, ili ujue kwa nini naogopa kukosea tena. Hapa sheria inamlazimu mwajiri kumwandikisha mfanyakazi kwenye pensheni ya kazini bila kungoja aombe. Mimi niliandikishwa mwaka 2015. Nikasoma kijitabu chao, nikaona pesa zinapelekwa kwenye mabenki na hati za mikopo za serikali, nikasema hii ni riba. Nikajitoa kabla mwezi haujaisha. Baada ya kila miaka mitatu wanamrudisha aliyejitoa: 2018 wakanirudisha, nikajitoa, 2021 vilevile. Mwaka 2024, barua ilipokuja tena, dada mmoja ninayeswali naye alinifungulia simu yake tukiwa tunavaa viatu mlangoni mwa msikiti. Pensheni yake iko NEST, shirika la pensheni za kazini lililoanzishwa na serikali, kama niliyoandikiwa mimi, lakini kwenye mfuko wa Sharia, ambao haugusi mabenki ya riba, pombe wala kamari. Akabonyeza mara mbili tatu akanionyesha pa kuchagulia. Nilirudi kwenye gari nikalia. Shangazi, miaka tisa ya mchango wa mwajiri niliikataa kwa mkono wangu, na jibu lilikuwepo, sikuuliza tu.

Sasa nimo, tena kwenye mfuko huohuo wa Sharia. Kila mwezi mfukoni mwangu inatoka kama paundi 59, serikali inarudisha kama 15 ya kodi, mwajiri anatia 44. Inayoingia ni 118. Hapo sina swali, sitoki tena.

Swali ni hizo 150. Zilikuwa pesa za upatu. Tulikuwa wanawake kumi, wa mwisho amepokea mwezi wa kumi na mbili, na sijaingia duru jipya kwa sababu nataka safari hii pesa zisubiri uzee wangu badala ya kuishia kwenye tiketi na zawadi.

Nikiziongeza kwenye pensheni, mwajiri hataongeza chochote; kwake amemaliza. Serikali itazifanya 187 na nusu, lakini siwezi kuzigusa mpaka nifike miaka 57. Nikizichukua, robo haina kodi, inayobaki inahesabiwa kuwa kipato.

Akaunti ya ISA ya kawaida haina msaada wa serikali wa kuingilia. 150 ni 150. Ila faida yake haikatwi kodi, na naweza kutoa siku yoyote, hata kesho.

Halafu kuna Lifetime ISA, na ndiyo inayoninyima usingizi. Lazima uifungue kabla hujatimiza miaka 40. Unaweka mpaka paundi 4,000 kwa mwaka, serikali inaongeza robo yake hadi ufike miaka 50, na ukifika 60 unachukua zote bila kodi. Kwa hiyo 150 zangu huku nako zinakuwa 187 na nusu, na wakati wa kutoka hazikatwi. Mwenzangu wa kazini, aliyekuwa mhasibu kwao Nigeria, alinipigia hesabu nyuma ya bahasha: tukiacha faida, zile za pensheni zikikatwa kodi ya asilimia 20 kwenye robo tatu yake, mkononi zinabaki kama 159. Lakini ukizitoa kabla ya miaka 60, na si kwa kununua nyumba yako ya kwanza hapa Uingereza, wanakukata asilimia 25 ya zote. Yaani ukiweka 4,000, zikawa 5,000, ukarudishiwa 3,750. Mia mbili na hamsini zako mwenyewe zimekwenda.

Na mimi nina mama. Ana sukari, ana miaka 71. Mwaka jana alilazwa, na mimi ndiye niliyetuma pesa kabla hajaonwa na daktari. Nikifunga kila senti mpaka miaka 60, siku simu ikilia usiku nitajibu nini? Yeye mwenyewe hataki kusikia habari ya akaunti. Anasema ninunue kiwanja Utange, nijenge vyumba vya kupangisha, kodi ya wapangaji inilee uzeeni. Simbishii, lakini nimeona nyumba za wenzangu zilizojengwa kwa simu, na sina wa kunisimamia.

Nataka kurudi nyumbani, inshallah. Hilo nalo linaigusa hesabu. Pensheni ya serikali, kwa waliozaliwa mwaka wangu, inaanza miaka 68, na inataka miaka 35 ya michango ya National Insurance, ile bima ya taifa inayokatwa mshaharani, ndipo uipate kamili. Kwa mwaka wa 2025/26 kamili ilikuwa paundi 230 na kidogo kwa wiki. Lakini ukiishi Kenya haipandi tena. Mzee mmoja tuliyekuwa majirani alirejea Malindi mwaka 2008 akipokea kama paundi 90 kwa wiki, na mpaka leo ni 90 zilezile. Wenzake waliobaki hapa wenye pensheni ya mfumo wa zamani kama yake walipokea 176 mwaka wa 2025/26. Kwa hiyo akiba yangu mwenyewe ndiyo itakayoniongezea kipato bei ya unga na dawa ikipanda. Na nikishahama, ISA nitabaki nayo lakini siwezi kuiongeza.

Nimewaza hivi: niifungue Lifetime ISA sasa na kuitia paundi 50 kwa mwezi, ndani yake nichague mfuko wa hisa wa Kiislamu, na mia moja ziende kwenye ISA ya kawaida mpaka nifikishe 3,000 za dharura ya mama. Baada ya hapo 150 zote za kila mwezi ziende Lifetime. Je, nakosea kutoiongeza pensheni? Na nikiwa Mombasa, pensheni ya kazini nitakatwa kodi huku Uingereza, kule Kenya, au kote kuwili? Kama kuna msomaji aliyekwisha kurudi Pwani akiwa na pensheni ya Uingereza, naomba naye aniandikie alichokutana nacho.

Naomba unijibu kabla ya mwezi wa tano, nipate nafasi ya kujaza fomu.

Mwanao,
Mama Salim, Leicester