Kwa Baba Mdogo, kutoka Vilnius

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini u mzima, pamoja na Mama Mdogo na wadogo zangu. Mimi sijambo, ila baridi hii haina adabu.

Jana nilikwenda Trakai, kama kilomita 28 kutoka hapa, kuona ngome ya matofali mekundu iliyo kisiwani ziwani. Aliyeanza kuijenga ni Kęstutis, mwana wa Gediminas, mtawala wa Lithuania. Mwaka 1345 aliuteka mji wa Vilnius, kisha akamkabidhi kiti kaka yake Algirdas. Mkubwa akashika mashariki. Yeye akabaki magharibi kupambana na watawa wapiganaji wa Kijerumani. Wakaenda hivyo miaka 32, mpaka Algirdas alipofariki.

Mwaka 1361 watawa walimkamata wakamfungia Marienburg, ngome yao kuu. Umri wake yapata miaka 60, kama wewe. Mtumishi wake humo, Alf, asili yake Mlithuania, akamsaidia kutoboa ukuta. Mzee akatoka amevaa joho jeupe la maadui zake, juu ya farasi wa mkuu wao! Ndivyo wanavyosimulia, na mimi nimeamua kuamini.

Halafu mtembezaji akasema Kęstutis aliuawa na Jogaila, akitumia lile neno la Kiingereza lisilotenganisha mjomba na baba mdogo. Nikamuuliza, wa upande gani? Akajibu: Jogaila ni mtoto wa Algirdas.

Nilinyamaza kabisa.

Mwaka 1380 kijana alipatana kwa siri na watawa, wampige baba yake mdogo naye asiingilie. Kęstutis alipogundua alimvua madaraka, lakini hakumdhuru. Alimwachia urithi wa baba yake, Krėva na Vitebsk. Mwaka 1382 Jogaila akamwita wazungumze. Mzee akaenda, pamoja na mwanawe Vytautas. Wakakamatwa. Siku tano baadaye Kęstutis alikutwa amekufa gerezani Krėva. Hakuwa Mkristo, basi walimchoma Vilnius pamoja na farasi na silaha zake. Vytautas alitoroka baadaye kwa nguo za kike.

Baba, lile shamba la marehemu hapo Muheza lisikunyime usingizi. Machungwa ya msimu huu vuna, uza, lipia wadogo zangu ada. Tutazungumza nikirudi, na nitakuja mimi kwako. Usisumbuke kunifuata mjini.

Msalimie Bibi.

Mwanao