Hodi tumepiga mara ngapi mpaka tuseme hakuna mtu?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wako wa barua. Gazeti lako la wiki iliyopita nilifungiwa maandazi, nisamehe kwa hilo, ila ukurasa wa barua ulikuwa mzima na nikausoma wote hapo hapo mpaka chai ikapoa. Kuna ndugu yetu wa Mbalizi kaandika kwamba ameona taa zimejipanga mstari angani na anaamini ni viumbe wa sayari nyingine wamekuja kutuchungulia. Chini yake kuna mzee mmoja mstaafu, yeye anasema hamna kitu, wanasayansi wametafuta miaka 60 na ushee wamekosa, kwa hiyo ulimwengu mzima huu tuko peke yetu. Mi naona wote wawili wamekimbilia jibu.

Nianze na wa Mbalizi maana hizo taa hata mi nimeziona. Mi nanunua viazi hapa Isyonje, njia panda ya kwenda Makete, na mzigo wa Dar tunapakia usiku kucha ili fuso itoke asubuhi. Ilikuwa kama saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, baridi ile ya kupasua midomo, vijana wana magunia ya lumbesa mgongoni (najua lumbesa imekatazwa, hiyo ni barua nyingine), mara mmoja akasema angalieni juu. Taa zimefuatana kama shanga kwenye uzi, haziwakiwaki, hazina sauti, zinatoka upande wa Rungwe zinaenda zao. Kijana mmoja alitua gunia akapiga magoti kwenye matope akaanza kusali. Dereva yeye alitoa simu, video yenyewe haikuonesha kitu zaidi ya giza na sisi tunavyopiga kelele.

Nikaja kuuliza na kusoma, kumbe ni setilaiti za Starlink, zile za intaneti. Kuanzia 2019 zinarushwa kwa mafungu, roketi moja inabeba nyingi, na siku chache za mwanzo zinakuwa bado zimefuatana kabla hazijasambaa. Huku chini kwetu jua halijachomoza lakini kule juu zilipo tayari linazipiga, ndo maana unaziona alfajiri au jioni tu, usiku wa manane huzioni. Kwa hiyo ndugu yangu wa Mbalizi hao ni binadamu wenzetu wanauza bando.

Sasa mzee mstaafu, shikamoo mzee wangu. Huku kwetu mtu akifika kwa mwenzake anapiga hodi. Kimya, anarudia, kimya, anapiga ya tatu, akikosa jibu anaondoka zake, lakini hata akiondoka hasemi nyumba ile haina mtu, labda yuko shamba, labda yuko bafuni anaoga, labda kamchungulia dirishani akakumbuka anadaiwa. Hebu tuhesabu hodi zetu basi. Mwaka 1974 kule Arecibo, Puerto Rico, walituma ujumbe wa redio kuelekea kundi la nyota linaloitwa M13. Ujumbe wenyewe haukufika hata dakika 3, na kule unakoenda ni mbali kiasi kwamba mwanga unasafiri miaka kama 25,000, yaani hodi bado iko njiani, na hata mwenye nyumba akiitika siku hiyo hiyo inapomfikia jibu nalo lina miaka yake mingine 25,000. Na ule mtambo wenyewe uliopiga hodi ulishaanguka mwaka 2020!

Kusikiliza nako ni vilevile. Mwanasayansi wa nyota Frank Drake alianza 1960 pale Green Bank, Marekani, akielekeza antena kwenye nyota mbili tu. Tarehe 15 Agosti 1977 mtambo mmoja wa Ohio ulinasa mlio mkali wa sekunde 72, aliyekuja kuukuta kwenye karatasi za kompyuta aliuzungushia kalamu nyekundu akaandika pembeni neno la kushangaa, wakarudi kuutafuta mara nyingi tu wasiupate tena mpaka leo. Ni kama kubipiwa na namba usiyoijua, ukipiga haipatikani. Mi sisemi walikuwa wao, nasema tu simu iliita. Kuna mama anaitwa Jill Tarter, kazi yake ya maisha ilikuwa hiyo ya kusikiliza, yeye alisema kiasi tulichotafuta ni kama mtu kachota glasi moja ya maji baharini akaangalia kama ina samaki. Nenda basi Matema pale ufukweni na kikombe chako, chota mara moja, kisha uwaambie watu wa Kyela kwamba Ziwa Nyasa halina mbasa uone watakavyokucheka.

Halafu mzee anauliza mbona hawaji. Mzee wangu, nyota ya jirani kabisa ukiacha jua ni Proxima Centauri, mwanga wake unatumia miaka 4 na kitu kutufikia. Chombo chetu kilichofika mbali kuliko vyote ni Voyager 1, kinaenda kilomita 17 kwa sekunde, yaani kingekuwa fuso kingetoka hapa Mbeya kikafika Dar kabla ya dakika moja kuisha, bila mizani bila trafiki. Kwa mwendo huo huo kufika Proxima ni zaidi ya miaka 70,000. Hapo hujapakia chakula.

Mi binafsi naamini wapo, na sababu yangu iko Mbozi pale kijiji cha Ndolezi. Mwaka juzi nilimpeleka mwanangu kukiona kimondo. Wengi wetu wa Mbeya tunapita barabara ya Tunduma maisha yote hatujawahi kukata kona kukiona, aibu kweli. Kimelala pale kama ng'ombe aliyeshiba, urefu kama mita 3, uzito zaidi ya tani 10, mgongo una vishimo vishimo kama mtu kabonyeza udongo mbichi kwa dole gumba, na kuna sehemu unaona kabisa walijaribu kukata kwa msumeno. Nilikigusa asubuhi kikawa cha baridi kama mlango wa friji. Nikakigonga kidogo na funguo za kufuli, mlinzi akanikata jicho, lakini sauti nilishaisikia, ni ile ile ya ringi ya gari inayotundikwa kwenye mti shuleni kuita watoto. Ni chuma tupu, asilimia kama 90, kinachobaki karibu chote ni nikeli. Mwanangu akaniuliza, baba hiki ni chuma kama cha jembe letu? Ndiyo, ni kile kile. Kimetoka huko juu na ni chuma kile kile.

Hilo ndo lilinikaa. Vitu vilivyotutengeneza sisi haviko kwetu tu. Kimondo kingine kilianguka Murchison, Australia, mwaka 1969, hicho si cha chuma kama chetu, ni cha mawe, wakakisaga wakakuta amino asidi za aina zaidi ya 70, na baadhi yake ni zile zile zinazojenga protini, ziko kwenye maharage na kwenye misuli yako. Viungo vipo mpaka huko. Na vyungu vipo pia, maana sayari ya kwanza inayozunguka nyota inayofanana na jua letu iligunduliwa 1995, leo zilizothibitishwa kwenye nyota nyingine zimepita 6,000. Ila kuwa na viungo na chungu si kusema chakula kimeiva, hapo nakubaliana na mzee. Hapa kwetu duniani uhai una zaidi ya miaka bilioni 3 na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa vijidudu tu, redio hatujazijua hata miaka 150. Inawezekana wenzetu sasa hivi ni ukungu wa kwenye jiwe, au walishamaliza zamu yao.

Lakini kilichonifanya nichukue kalamu kabisa ni jambo jingine. Hiyo Voyager ilipoondoka 1977 ilibeba santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, ndani yake kuna muziki, picha zaidi ya 100, na salamu kwa lugha 55 kwa yeyote atakayeiokota. Nikatafuta orodha ya lugha. Kuna Kisumeri na Kiakadi, lugha ambazo hakuna anayezaliwa nazo tena. Kuna Kinyanja, cha majirani zetu wa Malawi hapo ukivuka Kasumulu. Kuna Kiganda, kuna hata Kiila cha Zambia. Kiswahili hakimo! Kwenye picha yumo Jane Goodall na sokwe, na kila mtu anajua sokwe wa yule mama ni wa Gombe. Yaani sokwe wetu wa Kigoma wamewakilishwa angani, sisi wenye lugha yenye mpaka siku yake ya dunia, Julai 7, hatuna hata neno moja. Wanaorusha vyombo wakituma salamu nyingine, wahusika wetu wa Kiswahili waliopo Dar na Dodoma wawe wameshapeleka yetu mapema.

Niliwauliza vijana wa kupakia tungesema nini. Wa Njombe akasema kamwene, wa Tukuyu akasema ugonile, wakaanza kubishana kama kawaida. Yule aliyepiga magoti siku ile akawakatisha, akasema inaanza shikamoo, hujui umri wa mtu. Nikamwambia umepatia kuliko unavyodhani, jua letu lina miaka kama bilioni 4.6 na ulimwengu una bilioni 13.8, kuna nyota zimelizidi jua letu umri zaidi ya mara mbili, kwa hiyo kama wapo yawezekana kabisa ni wakubwa zetu. Mwingine akauliza, sasa je wakiwa wadogo na wao wakatuanza shikamoo, tutapishana njiani. Akajibiwa basi watakuwa na adabu kuliko wewe, beba gunia.

Ni mimi msomaji wako,
Muuza viazi, Isyonje, Rungwe