Risala ya Klabu ya Mazingira ya Skuli kwa Mgeni Rasmi: Misali na Wageni Wake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Skuli,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo, na tunakushukuru wewe kwa kuvuka bahari kuja kutusikiliza sisi watoto wa Pemba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wageni wengi wa Unguja hufuata fukwe za mashariki, na mahoteli yamejipanga kuufuata mchanga huo. Pemba ni ya vilima, mikarafuu na mikoko; fukwe ndefu kama Vumawimbi ni chache. Anayefika huku amekuja kuzamia katika mkondo wa Pemba, ambako mwamba unakatika ghafla kuelekea kilindini, au kumtazama popo wa Pemba kule Kidike, asiyeishi kwengine kokote duniani. Maumbile ndiyo yaliyotuchagulia wageni. Ni wachache, lakini wanajua walichokifuata, na sisi tunaiona hiyo kuwa ni neema.

Mwezi uliopita, baada ya sala ya alfajiri, tulipanda mashua Wesha kwenda Misali. Wengi wetu tumekua tukikiona kisiwa hicho kwa mbali, lakini tulikuwa hatujawahi kukikanyaga. Wazee husimulia kuwa Nabii Hadhara aliomba mswala, ukakosekana, akasema kisiwa hiki ni mfano wa mswala. Ndipo likatoka jina Misali. Mchangani tulikuta mburuzo wa kasa aliyepanda usiku kutaga, na shimo alilolifukia vizuri hata lisijulikane. Mlinzi alinyoosha mkono kutuzuia tusilikanyage.

Miwani ya kuzamia ilikuwa mitatu tu, tukavaa kwa zamu. Mwenzetu wa Kidato cha Pili aliinua kichwa majini huku analia. Akasema, “Baba anavua bahari hii miaka yote, kumbe chini kuko hivi!”

Mheshimiwa, hapo hapo tuliona tumbawe kubwa, kimo chake kama mtoto wa darasa la kwanza, limepasuka katikati. Palipovunjika ni peupe, na kando yake mchanga umechimbika kwa mburuto wa nanga. Tumbawe la namna ile hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Misali ni eneo la hifadhi tangu mwaka 1998, na tangu 2005 imo ndani ya Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, lakini pale tulipozamia hatukuona hata boya moja la kufungia boti. Nahodha asipokuwa na pa kufunga atatupa nanga, na inapoangukia ndipo penye kile ambacho mgeni amekisafiria.

Kwa hivyo tunakuomba, Mheshimiwa, utusemee mambo mawili. La kwanza ni maboya hayo. Wazazi wetu wavuvi wameahidi kusaidia kuyatia na kuyaangalia. La pili ni miwani ya kuzamia na mwalimu wa kuogelea, na kwa wasichana awe mwalimu wa kike, ili watakaowatembeza wageni Misali miaka ijayo wawe ni sisi tuliozaliwa tukikiona kisiwa hicho. Mwenzetu yule wa Kidato cha Pili ameshaandikisha jina lake.

Tunaomba kuwasilisha.