Wanataka batiki zangu bila jina langu

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Mama Nasri, shoga yangu,

Assalaam aleikum. Habari za tangu ule msiba wa Bi Tatu? Najua nimenyamaza, na wewe umenyamaza, tusameheane. Sisi huku wazima alhamdulillahi, ila Baba Salma kifua kinamsumbua kila wakipakua mzigo wa vumbi bandarini. Mama mkwe anakusalimu, anauliza kama ule mkeka ulifika. Hilo nijibu kwanza, maana kila asubuhi ananiuliza mimi.

Ningekupigia simu, lakini hili jambo nikilisema kwa mdomo nalia, na salio litaisha kabla sijamaliza. Nimeona bora nikae uani watoto wakilala niandike, halafu kesho nimpe utingo wa basi la asubuhi pamoja na hicho kifurushi. Usikifungue kwanza, soma hadi mwisho.

Jumatano ile nyingine alikuja mama mmoja hapa nyumbani. Jina lake simtaji, ana duka Unguja, wateja wake wageni wa hoteli. Alizikuta batiki zangu Sabasaba, akanunua mbili, akachukua namba. Sasa amekuja mwenyewe na daftari. Anataka pisi 300 za mita tatu tatu, zote za ule mchoro wangu wa dema, mtego wa samaki, kwa miezi miwili, na kila pisi atanipa shilingi 18,000. Malipo ya awali nusu. Mwenzangu, moyo uliruka. Nikamkaribisha chai, nikamwita mama mkwe aje asikie.

Chai ilipokwisha ndipo akasema mengine. Lebo yangu isiwepo. Yeye ataweka ya duka lake. Na ile dema nisimuuzie mtu mwingine tena, hata hapa Tanga.

Hesabu nimeipiga mara kumi. Rejareja pisi moja nauza 28,000, lakini kwa wiki zinatoka tano, sita, na wiki nyingine hazitoki kabisa. Yake ni milioni tano na laki nne kwa mkupuo. Nikitoa kitambaa, nta, rangi na dawa zake za kostiki na haidrosalfaiti, mkaa, na posho ya wifi na wale wasichana wawili wa Makorora, inabaki kama milioni na laki tatu. Salma kamaliza la saba, Januari inshallah anaingia kidato cha kwanza. Ada hakuna, lakini sare ipo, viatu vipo, madaftari yapo, na akipangiwa bweni ni godoro, ndoo na sanduku. Wewe umepitia hayo kwa Nasri, unajua yanavyokuja yote siku moja.

Baba Salma yeye hana swali. Anasema hela ni hela, lebo hailiwi. Simlaumu, yeye ndiye anayeamka saa kumi. Lakini wewe unajua ile dema imetoka wapi.

Unakumbuka baba alivyokuwa akikaa pale Deep Sea chini ya mkungu, fito zimelowekwa, anasuka madema? Sisi tunatumwa samaki, tunasahau, tunabaki kumtazama vidole. Yale matundu ya pembe sita, moja linamzaa jingine, na yote yanatoka sawa wala hana rula. Siku nilipoanza batiki kila mtu alikuwa anachapa pundamilia, twiga na ngoma. Mimi nikachukua sponji la godoro bovu, nikakata tundu la dema kwa wembe, nikaharibu vipande vinne, cha tano kikakubali. Baba aliiona ile pisi ya kwanza kabla hajafa. Aliishika, akapitisha kidole kwenye mistari kama anatafuta ilipofungwa. Akasema tu, "Hapa umeacha mlango mkubwa, samaki atatoka." Nikapunguza. Muhuri ninaotumia leo ni ule aliousahihisha yeye.

Na lebo, dema lile dogo la kwenye lebo alichora Salma akiwa darasa la nne, kwa kalamu ya bluu, nyuma ya daftari la hisabati. Kwa hiyo nikiambiwa toa lebo, nasikia kama naambiwa mtoe babu na mjukuu wote wawili.

Nikamwendea yule afisa wa SIDO, shirika la viwanda vidogo, yule mpole aliyetufundisha kuweka hesabu. Yeye alinifumbua macho jambo ambalo sikulijua miaka yote hii. Jina la biashara nilisajili BRELA, ofisi ya usajili wa biashara, mwaka juzi kwa mtandao, kijana wa steshenari akanisaidia kwa namba yangu ya kitambulisho cha NIDA, nikapata cheti, nikakitundika sebuleni juu ya televisheni. Nikajua nimemaliza. Kumbe kile cheti kinaeleza tu kwamba fulani anafanya biashara kwa jina hili. Alama ya biashara ni usajili mwingine kabisa, na ndiyo inayokupa nguvu ya kumzuia mtu asiweke dema lako kwenye kitambaa chake. Ukiisajili inalindwa miaka 7, ukihuisha unapewa 10. Tena unaisajili kwa madaraja ya bidhaa: vitambaa daraja la 24, nguo daraja la 25. Nikishona magauni nikasajili vitambaa peke yake, magauni yamebaki nje.

Halafu akaniambia la kunimaliza nguvu. Usajili wa BRELA ni wa Tanzania Bara. Zanzibar wana ofisi yao na sheria yao. Duka la yule mama liko wapi? Unguja. Maana yake hata nikikimbia kesho kusajili huku, akiamua kulisajili dema kule kwa jina lake, mimi nitakuwa mgeni kwa kazi ya baba yangu. Sisemi atafanya hivyo. Alikuwa mtu wa adabu, alimletea mama mkwe halua. Lakini usiku ule sikulala.

Nyumba yenyewe sasa hivi ndiyo hii unayoijua, ila imezidi. Uani kuna ndoo saba, kamba tatu, na vuli imeanza, kwa hiyo kila wingu likipita tunakimbia kuanua. Wiki iliyopita shati jeupe la Hamza lilidondoka kwenye ndoo ya buluu, nikaligundua limeshakolea, ikabidi Jumatatu aende na la jirani. Alilia njia nzima. Jumanne akataka lile la buluu kwa sababu mwenzake amelisifu.

Na ile kazi ya vipande bado naendelea nayo. Makombo ya batiki tunatia bitana kwenye vikapu, mama mkwe anasuka ukili, mimi nashona ndani. Vingine tunafunikia madaftari, vingine vilemba vya watoto. Baba Salma ananiambia mshika mawili moja humponyoka, nishike batiki niache vikapu. Mimi sikubaliani naye hata kidogo. Ramadhani iliyopita pisi zilipododa, maji na umeme vililipwa na vikapu. Na mama mkwe tangu aanze kusuka tena amepona yale maumivu ya kukaa bure. Asubuhi anaamka na kazi, ana hela yake ya tambuu, anawagombeza wale wasichana wa Makorora kama bosi.

Yeye ndiye aliyenipa wazo, wala hakujua kama ananipa. Ijumaa baada ya sala alifungua sanduku lake kutafuta hirizi ya Hamza, akatoa kanga moja ya zamani imekunjwa na karafuu. Pembeni imeandikwa kwa herufi ndogo K.H.E., Mali ya Abdulla. Unazijua, za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Akaniambia enzi zake hawakuwa wakienda dukani kuulizia kanga, walikuwa wakiulizia Abdulla. Muuzaji akitoa nyingine wanaisogeza. Kanga imefuliwa miaka arobaini, rangi imepauka, pindo limechanika, lakini jina la mwenyewe linasomeka, kwa sababu halikushonewa juu. Limechapwa pamoja na kanga.

Nikakaa na ile kanga mapajani mpaka magharibi.

Jana usiku nikawasha jiko. Nikakata muhuri mdogo, dema la Salma lilelile, ukubwa wa kifuniko cha soda, kwa wembe mpya. Nikayeyusha nta ya mishumaa na ya nyuki kidogo. Unajua nta ikipoa inakaa juu ya kitambaa, nyeupe, na rangi inapita chini yake, kazi imeharibika. Lazima iwe ya moto hasa, ikigusa kitambaa inazama, inakuwa kama maji ya mafuta, ukigeuza upande wa pili unaiona. Nikachapa madema makubwa pisi nzima, halafu pembeni, karibu na pindo, nikaweka lile dogo. Moja tu. Nikazamisha kwenye buluu. Kikitoka ndooni kina ukijani fulani kama maji ya mikoko, ukadhani umekosea vipimo, kisha hewa inakipiga na buluu inaingia polepole mbele ya macho yako. Mimi nimeshaitazama mara mia na bado nasimama kuitazama. Asubuhi nikachemsha nta ikatoka. Dema dogo liko pale, jeupe, kona ya chini kulia.

Lebo ya kushona mtu anaifumua kwa kiwembe dakika moja. Hili alitoe vipi? Labda akate kitambaa.

Basi ndiyo ninachotaka kumwambia yule mama. Lebo ya kushona nitaacha, aweke ya duka lake, sawa, duka ni lake. Lakini dema dogo linabaki ndani ya kazi, kila pisi, zote 300. Na dema kubwa simfungii mtu mmoja. Akitaka ya peke yake nitamchorea nyingine, nimeshaanza moja ya mitumbwi ya ngalawa. Akikataa... hapo ndipo ninapokwama. Nikiwa peke yangu nasema akikataa basi. Nikimwona Salma anapima viatu vya binamu yake kwa kukunja vidole, nasema nani mimi.

Sasa kifurushi fungua. Hiyo ndiyo pisi ya jana, ya kwanza yenye alama, ni yako. Nimekuletea wewe kabla ya yeye. Shona gauni, usiikate kona.

Nina mambo mawili ya kukuomba, na najua una yako. La kwanza, yule mdogo wake shemeji anayesomea sheria bado yuko kwenu? Muombe apite BRELA aulize kama kuna mtu ameshasajili picha ya dema kwenye madaraja yale mawili, na ada yake kwa sasa ni shilingi ngapi yote kwa yote, pamoja na matangazo kama yapo. Na aniulizie kwa Zanzibar inaanzia wapi, mimi ninaweza kuomba nikiwa mtu wa Bara au lazima niwe na wakala? La pili, ukipita Kariakoo niulizie lebo za kufumwa, zile za uzi, siyo za kuchapwa zinazofutika. Kwa wateja wangu wa rejareja bado nazihitaji. Kiasi cha chini wanachotengeneza ni ngapi? Ulizia maduka mawili matatu, usimkubalie wa kwanza.

Na wewe mwenyewe uniambie ukweli, usinipambe. Ungekuwa mimi ungechukua hizo 300 bila jina ukanyamaza? Nimwambie kuhusu dema dogo kabla sijampelekea sampuli, au nimpelekee aione kwanza kwa macho halafu tuzungumze? Mimi naona nimwambie kabla, sitaki ajione nimemficha. 18,000 imekaaje kwako, niombe 20,000? Kweli anaweza kuondoka kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa kifuniko cha soda? Ulipokubali kuondoa jina lako kwenye zile keki kwa ajili ya yule wa ukumbi, ulijuta, au ni mimi nilikuona umejuta?

Nasri anaendeleaje na meno? Mama amerudi kliniki? Ule mgogoro wa kiwanja cha Mbagala umefika wapi? Na mkeka, ulifika?

Yule mama anataka jibu Ijumaa. Nipigie Jumatano baada ya isha, Baba Salma atakuwa zamu ya usiku, nitaongea kwa nafasi.

Nisalimie wote hapo. Shikamoo kwa mama.

Ni mimi shoga yako,
Mama Salma